Mwezi, Zuhura, Mshtarii au Zohali: darubini yako uielekeze wapi kwanza?

Kuna mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kukariri majina ya sayari nane na sasa anauliza kwa nini Mwezi haumo kwenye orodha. Kuna mwalimu wa sayansi mwenye darubini moja na darasa lililojaa. Kuna kijana aliyepata darubini ya mtumba na hajui aanze na nini. Wote wanataka kuelewa jambo lilelile: mwezi ni nini, sayari ni nini, na viwili hivyo vinahusiana vipi.

Angani kuna vitu vinne vinavyofaa kuanzia, na kila kimoja hufundisha sehemu yake ya jibu. Nimeviweka bega kwa bega ili uchague kinacholingana na kifaa ulicho nacho, muda wako na swali linalokusumbua.

Kwanza, tofauti yenyewe

Tofauti haimo kwenye ukubwa. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sayari ni kubwa na mwezi ni mdogo, na michoro ya shuleni haikutusaidia. Ganymede, mwezi wa Mshtarii, una kipenyo cha kilomita 5,268. Titan, mwezi wa Zohali, una kilomita 5,150 hivi. Utaridi, sayari isiyo na ubishi, ina kilomita 4,879 tu. Ni kweli kwamba Utaridi imejaa chuma na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa Ganymede, lakini kwa upana mwezi umeishinda sayari.

Kinachotenganisha ni nani anamzunguka nani. Mwaka 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Prague na kukubaliana kwamba sayari ya mfumo wetu ni gimba linalolizunguka Jua, lenye uzito wa kutosha kujivuta likawa duara, na ambalo limekwisha kuisafisha njia yake kwa kumeza au kufukuza magimba mengine. Pluto ilikwama kwenye sharti la tatu, ikapelekwa kwenye kundi la sayari kibete. Mwezi, kwa upande wake, ni gimba la asili linalozunguka sayari, au sayari kibete, au hata asteroidi. Mwaka 1993 chombo cha angani cha Galileo kilipita karibu na asteroidi, yaani gimba dogo la mawe linalolizunguka Jua, iitwayo Ida na kuipiga picha ikiwa na kimwezi chake, Dactyl, chenye upana wa kilomita moja na nusu hivi.

Hata hivyo, kusema tu kwamba huyu anamzunguka yule hakutoshi. Vitu viwili vikivutana, vyote viwili husogea. Dunia na Mwezi huzunguka kitovu kimoja cha uzito wao wa pamoja, na kitovu hicho kiko ndani ya Dunia, kilomita 1,700 hivi chini ya uso wake. Kwa Pluto na mwezi wake Charon, kitovu hicho kiko nje ya Pluto kabisa, angani katikati yao, ndiyo maana wapo wanasayansi wanaowaita sayari kibete pacha. Kwa hiyo mwezi na sayari yake wamo katika kuvutana kwa pande mbili, na kila upande humbadilisha mwenzake. Hilo ndilo ningependa usikose kuliona, chochote utakachochagua kutazama.

Vigezo, na kwa nini Mirihi haimo

Nimevipima vitu hivi kwa mambo manne: kifaa kinachohitajika, msimu na saa za kukipata, kile hasa ambacho jicho litaona, na somo linalopatikana kuhusu mwezi na sayari.

Mirihi nimeiacha kwa masikitiko. Ina miezi miwili, Phobos na Deimos, iliyogunduliwa na mwanaastronomia Asaph Hall mwaka 1877 kwa darubini kubwa ya Washington. Phobos una upana wa kilomita 22 hivi na huimaliza safari ya kuizunguka Mirihi kwa saa 7 na dakika 39, upesi kuliko sayari yenyewe inavyojizungusha, hivyo kwa mtu aliyesimama juu ya Mirihi ungechomoza magharibi na kutua mashariki. Lakini darubini ya nyumbani haikuonyeshi hata mmoja kati ya hiyo miwili, na Mirihi yenyewe hutukaribia vizuri mara moja tu kila miezi 26.

Kifaa ulicho nacho

Mwezi wetu haudai chochote. Macho matupu yanatosha kufuata sura zake, kuona mabaka meusi usoni pake na kupima unavyosogea miongoni mwa nyota. Ukiwa na darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama mbugani, utaongeza kreta, yaani mashimo ya duara, na safu za milima.

Zuhura ni rahisi kuipata, kwa kuwa baada ya Jua na Mwezi hakuna kinachoishinda kwa mng'ao. Tatizo ni kwamba macho matupu yataishia kwenye nukta nyeupe. Kuona umbo lake kunahitaji darubini ya stendi inayokuza mara 30 au zaidi, ingawa inapokuwa hilali nyembamba na iko karibu nasi, darubini ya macho mawili iliyotulizwa vizuri inaweza kuonyesha mkunjo huo.

Mshtarii ndiyo inayowashangaza watu kwa gharama ndogo. Darubini ya macho mawili inayokuza mara 7 au 10 inatosha kukuonyesha miezi yake minne mikubwa. Sharti ni utulivu: iegemeze juu ya ukuta, au kwenye paa la gari juu ya nguo iliyokunjwa, kwa sababu mkono unaotetemeka huifanya miezi hiyo iwe michirizi. Mwanga wake ungetosha kuonekana hata bila kifaa. Kinachoificha ni mng'ao wa Mshtarii iliyo kando yake.

Zohali ina masharti makali zaidi. Darubini ya macho mawili itakupa kidoa cha njano, pengine kilichorefuka kidogo, basi. Pete huanza kujitenga na sayari kwa ukuzaji wa mara 25 au 30, na hupendeza kuanzia mara 50 na kuendelea. Titan unaonekana kama nukta hafifu kwa darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 60 au 70.

Kwa anayetaka kununua, neno moja. Usivutwe na namba ya ukuzaji iliyochapwa kwenye boksi. Darubini ndogo inayodai kukuza mara 500 itakupa ukungu mkubwa na si kingine. Uliza upana wa kioo cha mbele, kisha uitikise stendi palepale dukani. Stendi inayoyumba ndani ya duka itayumba zaidi nje kwenye upepo, na hapo hakuna sayari utakayoiona vizuri.

Msimu na saa

Sisi tulio karibu na Ikweta tumejaliwa. Njia ya Mwezi na sayari hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, wakati mtu wa London mara nyingi huziona zikipita chini, karibu na upeo, nyuma ya tabaka nene la hewa linalotikisa picha. Giza letu huingia haraka na Jua huzama karibu saa zilezile mwaka mzima, hivyo hata mtoto anayelala mapema anaweza kushiriki. Taa za Dar es Salaam au Nairobi huzifuta nyota hafifu, lakini Mwezi, Zuhura, Mshtarii na Zohali hazizimwi na taa. Kinachotushinda ni mawingu; msimu wa masika, Machi hadi Mei, unaweza kula majuma mazima.

Mwezi hupatikana karibu kila siku, ila hubadilisha saa, maana kila siku huchomoza kwa wastani wa dakika 50 baada ya muda wa jana. Watu wengi hungojea mwezi mpevu, na huo ndio usiku ambao darubini huonyesha kidogo zaidi: Jua linaumulika uso kwa uso na vivuli vyote vimefutika. Usiku mzuri ni wa kati ya tarehe 4 na 10 kwa kalenda ya Kiislamu, pale mpaka wa mwanga na giza unapokata katikati ya kreta.

Zuhura huonekana jioni kwa miezi kadhaa, hupotea ndani ya mng'ao wa Jua, kisha hurudi alfajiri kwa miezi kadhaa mingine. Mzunguko wote, kama tunavyouona kutoka duniani, huchukua siku 584. Haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47, hivyo huwezi kuikuta angani usiku wa manane. Hapa lazima nionye kwa uzito wote: subiri Jua lizame kabisa kabla ya kuielekeza darubini upande ule. Mwanga wa Jua ukipita ndani ya darubini unaweza kumpofusha mtu papo hapo, na mtoto hatajua kilichotokea mpaka jicho limekwisha kuharibika. Kwa Zuhura ya alfajiri ni kinyume chake: funga kazi kabla Jua halijachomoza.

Kila baada ya miezi 13 hivi, Dunia hupita katikati ya Jua na Mshtarii. Wakati huo Mshtarii huchomoza Jua linapozama na kukaa angani usiku kucha. Miezi minne au mitano inayofuata ndiyo ya starehe kwa familia, kwa kuwa unaikuta imekwisha kupanda baada ya chakula cha jioni. Zohali hufuata utaratibu huohuo kila baada ya siku 378, yaani huchelewa kwa majuma mawili tu kila mwaka. Kwa Zohali kuna jambo la kuzingatia: Machi 2025 pete zake zilituelekea kwa ubavu na kuwa kama uzi. Tangu hapo zinafunguka kidogo kidogo, na zitafika upana wake mkubwa karibu na mwaka 2032. Aliyeitazama mwaka 2025 na kuvunjika moyo airudie.

Kama hujui kilichopo angani leo, programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha kwa mji wako na saa yako.

Jicho litaona nini hasa

Kwenye Mwezi, mabaka meusi ni tambarare za lava iliyoganda zamani sana, na sehemu nyeupe ni nyanda za juu zilizojaa kreta. Kaa na mpaka wa mwanga na giza kwa saa mbili. Utaona ncha za milima zikiwaka upande wa giza kabla mabonde yaliyo chini yake hayajapata Jua, kisha mwanga ukiteremka polepole. Mwanaastronomia wa Italia Galileo Galilei alitumia vivuli vya namna hii kukadiria urefu wa milima ya Mwezi. Ukichora ulichokiona na kurudia mwezi ujao, utakuta mabaka yaleyale mahali palepale. Mwezi hutugeuzia uso mmoja, na kwa sababu ya kuyumba kwake kidogo, tunaweza kuona jumla ya asilimia 59 tu ya uso wake tukiwa hapa duniani. Pia pima mwendo wake: chagua nyota iliyo karibu nao saa mbili usiku, rudi saa tatu, nao utakuwa umesogea kuelekea mashariki kwa kadiri ya upana wake wenyewe.

Uso wa Zuhura hutauona kamwe. Umefunikwa na mawingu mazito daima. Kinachobadilika ni umbo na ukubwa wake. Inapokuwa mbali, upande wa pili wa Jua, ni duara dogo. Miezi inavyopita inakuwa nusu, halafu hilali, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyopanuka, kwa sababu inatukaribia. Kutoka udogo wake hadi ukubwa wake, upana huongezeka karibu mara sita. Huu ni mradi wa miezi mingi, wenye michoro michache na subira nyingi.

Mshtarii inakuja na mambo mengi kwa wakati mmoja. Darubini ya stendi huonyesha kisahani kilichobinyika kidogo juu na chini, kwa kuwa sayari hiyo hujizungusha kwa muda usiofika saa 10 na kiuno chake kimetoka nje; katikati hupita mikanda miwili ya hudhurungi. Pembeni, karibu kwenye mstari mmoja, zipo nukta nne: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Hapo ndipo uhondo ulipo. Io huzunguka kwa siku 1.77, Europa kwa siku 3.55, Ganymede kwa siku 7.15 na Callisto kwa siku 16.7. Chora nukta hizo leo, chora kesho, na michoro haitafanana hata kidogo. Io ukiwa karibu na sayari, mwendo wake unaonekana ndani ya jioni moja. Siku nyingine utahesabu mitatu au miwili, kwa sababu mingine imepita mbele ya Mshtarii, au nyuma yake, au imezama kwenye kivuli chake.

Mchoro huo wa karatasi ndio alioufanya Galileo mjini Padua. Tarehe 7 Januari 1610 aliona nyota tatu ndogo kando ya Mshtarii. Tarehe 13 zilikuwa nne. Zilihama, lakini hazikuiacha sayari. Akawa na ushahidi kwamba kuna vitu angani visivyoizunguka Dunia. Mtoto wa darasa la tano mwenye penseli anaweza kuurudia uchunguzi huo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sijui jaribio jingine la sayansi lenye uzito huo linaloweza kurudiwa kwa gharama ndogo namna hiyo.

Zohali hutoa mshangao mkubwa kuliko wote kwa mara ya kwanza. Watu hushusha darubini na kuchungulia mbele ya kioo kuona kama kuna picha imebandikwa. Galileo mwenyewe alitatizika, akadhani sayari ina viungo viwili pembeni. Ni mwanaastronomia wa Uholanzi, Christiaan Huygens, aliyeeleza mwaka 1659 kwamba ni pete isiyoigusa sayari. Baada ya mshangao huo, mambo huenda polepole. Titan huzunguka kwa siku 16 hivi, na ukiichora nukta yake kila usiku ulio wazi utaiona ikihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pete zenyewe zitaonekana vilevile juma hili na lijalo.

Somo kuhusu mwezi na sayari

Mwezi wetu unakufundisha mvutano unaoweza kuusimamia kwa miguu yako. Mtu wa pwani anajua kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja wakati wa nusu mwezi. Sababu yake iko juu: siku za mwandamo na za mpevu, Mwezi na Jua huvuta kwenye mstari mmoja, na nguvu zao hujumlishwa, siku za nusu mwezi huvuta kwa pembe mraba, na nguvu ya Jua hupunguza ya Mwezi. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, hupanga kazi zao kwa maji kupwa ya bamvua, bahari inapojivuta mbali na kuacha mashamba yao wazi. Anayetaka kumwonyesha mtoto kwamba mwezi na sayari vinashikana, ampeleke ufukweni siku ya bamvua, kisha siku ya maji mafu, na kila mara wautafute Mwezi ulipo.

Mvutano huo unarudi pia upande wa pili. Dunia, iliyo na uzito wa mara 81 wa Mwezi, ndiyo iliyoufunga Mwezi ukabaki kutuonyesha uso mmoja. Mwezi nao, kwa kuyavuta maji yetu, hupunguza mwendo wa Dunia kujizungusha kwa kiasi kidogo mno, na wenyewe husogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Kipimo hicho kimepatikana kwa kupiga miale ya leza kwenye vioo vilivyoachwa huko na wanaanga kuanzia Apollo 11 mwaka 1969.

Mshtarii inachukua nguvu hiyohiyo na kuionyesha ilivyo kali. Kila Io ukizunguka mara nne, Europa huzunguka mara mbili na Ganymede mara moja. Mpangilio huo huifanya njia ya Io isiwe duara kamili: mara iko karibu zaidi na Mshtarii, mara mbali zaidi, na mwili wake wa mawe hukandwa na kuachiwa bila kupumzika. Kukandwa huko huzaa joto. Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha za volkano za Io zikirusha vumbi na gesi mamia ya kilomita juu, na mpaka leo hakuna gimba linalojulikana katika mfumo wa Jua lenye volkano hai nyingi kama Io. Nguvu inayopandisha maji kwenye fukwe zetu inayeyusha mawe kule. Kwa Europa, joto la namna hiyo linadhaniwa kuhifadhi bahari ya maji chini ya ganda la barafu, na chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika huko mwaka 2030 kuichunguza.

Kuna zawadi nyingine ya miezi hii. Mwaka 1676, mwanaastronomia wa Denmark Ole Rømer alitangaza kwamba Io huingia na kutoka kwenye kivuli cha Mshtarii kwa kuchelewa pale Dunia inapokuwa mbali, na kuwahi inapokuwa karibu. Alielewa kwamba mwanga wenyewe hutumia muda kusafiri. Mwezi wa sayari ya mbali ukawa saa ya kupimia mwendo wa mwanga.

Zuhura inafundisha kwa kile isichokuwa nacho. Ni sayari yenye ukubwa unaokaribia wa Dunia, kilomita 12,104 kwa kipenyo, na haina mwezi hata mmoja. Utaridi pia haina. Kumbe kuwa na mwezi si sharti la kuwa sayari. Halafu kuna somo la sura zake: Zuhura huwa hilali na nusu kama Mwezi, lakini kwa sababu nyingine. Mwezi hutuzunguka sisi, ndiyo maana unaweza kusimama upande ulio mkabala na Jua, ukawa mpevu usiku wa manane. Zuhura hulizunguka Jua kwa njia iliyo ndani ya njia yetu, kwa hiyo haiwezi kufika upande huo. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa maneno yake kwa nini hilali ya Zuhura ni kubwa kuliko duara lake, ameelewa tofauti ya mwezi na sayari kuliko aliyekariri maana.

Zohali inakupeleka kwenye mipaka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilitangazwa miezi 128 mipya, na idadi yake ikafika 274, mingi ikiwa vipande vya kilomita chache tu. Pete nazo ni vipande visivyohesabika, hasa vya barafu ya maji, kila kimoja kikiizunguka sayari kwa njia yake. Kipande cha ukubwa gani kiitwe mwezi? Hakuna kipimo cha chini kilichokubaliwa. Upande wa pili yuko Titan, mwenye angahewa nzito kuliko yetu, iliyojaa naitrojeni, pamoja na mvua, mito na maziwa ya methani. Chombo cha Huygens kilitua huko tarehe 14 Januari 2005 na kutuma picha za mawe yaliyolainishwa kana kwamba yametoka mtoni. Titan ungelizunguka Jua peke yake na kuimiliki njia yake, tungeuita sayari bila kusita.

Uchague kipi?

Kama huna kifaa chochote, anza na Mwezi, na uanze usiku wowote. Daftari, penseli na ratiba ya maji kujaa na kupwa vitakupa majuma ya kazi. Ndio unaowafaa pia watoto wadogo, kwa kuwa matokeo huonekana mara moja na hawahitaji kufumba jicho moja. Mwenye simu anaweza kuisogeza kamera kwenye kioo cha darubini na kupata picha nzuri ya kreta. Kwa vitatu vingine, kazi hiyo ni ngumu zaidi.

Kama una darubini ya macho mawili na mtoto wa miaka tisa au kumi anayependa kuuliza maswali, na Mshtarii iko angani jioni, ipe nafasi. Usiku mmoja hautoshi. Panga majuma mawili, mchoro mmoja kila usiku, hata kama mawingu yatakunyima baadhi. Mwalimu wa sekondari ataipenda kwa sababu data ni ya wanafunzi wenyewe, na wanaweza kukadiria muda wa mzunguko wa Io au Ganymede kutokana na michoro yao.

Kama una darubini ya stendi na wageni wa usiku mmoja tu, kwa mfano siku ya wazazi shuleni au jioni ya mtaa, Zohali itawavuta kuliko kingine, mradi pete ziwe zimefunguka na foleni isiwe ndefu sana. Mwezi ukiwa nusu usiku huohuo, anza nao watu wakizoea kutazama, kisha uwageuzie Zohali.

Zuhura mpe mwanafunzi mkubwa anayejiandaa kwa mtihani wa fizikia au jiografia, au mtu mzima anayeamka alfajiri kila siku na angependa kazi ya muda mrefu. Haimfai mtoto asiye na msimamizi, kwa sababu ya Jua.

Na kama darasa limegawanyika kati ya Mwezi na Mshtarii, si lazima kuchagua. Kila mwezi, usiku mmoja au miwili, Mwezi hupita karibu na Mshtarii angani. Usiku huo waulize wanafunzi kwa nini mmoja umesogea baada ya saa moja na nyingine haijasogea miongoni mwa nyota, waache wabishane, kisha wape darubini waone nukta nne zilizo kando ya ile isiyosogea.